Duara Juu ya Ramani

Tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Ufaransa iliamuru kwamba anayetaka kunyoosha miguu wakati wa karantini atoke kwa saa moja tu kwa siku, na asivuke kilomita 1 kutoka nyumbani kwake. Siku nne baadaye Ireland ikatangaza kilomita 2. Agosti mwaka huohuo wakazi wa Melbourne, Australia, wakawekewa kilomita 5. Ghafla mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa hawajashika bikari tangu walipomaliza shule, wakajikuta na swali la jometri lenye faini ndani yake: duara langu linaishia wapi? Duka la dawa limo? Makaburini alikolazwa baba, pamo? Kwa dada je, au ni nusu tu ya mtaa wake iliyoingia?

Watu walikimbilia simu. Zilizuka programu ndogondogo zenye kazi moja: andika anwani yako, uone duara lako. Mwezi Mei, Ufaransa ilipolegeza masharti na kuruhusu kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, hata Géoportail, ramani ya mtandaoni ya serikali yenyewe, iliwapa wananchi nyenzo ya kujichorea. Umbo jepesi kuliko yote sasa ndilo likawa linaamua nani aende kumwona mama yake na nani asubiri.

Kwa anayeandika programu, duara ni kazi ya mistari michache ya kodi. Unataja latitudo na longitudo ya kitovu, unataja nusu kipenyo, unachagua rangi ya mzingo na rangi ya ndani, basi. Ramani za Google kwenye Android zina CircleOptions, Apple wana MKCircle, na wanaotumia Leaflet, maktaba huria ya ramani iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine mwaka 2011, wana L.circle. Wepesi huo ndio ulionisukuma kuliandikia duara sura nzima. Kitu kinachopatikana kwa mistari michache hakiulizwi maswali, na kumbe duara juu ya ramani ni kauli nzito. Linamwambia mtu aliyesimama barabarani na simu mkononi: hadi hapa umo, ukipita hapa humo. Kwa kauli hiyo mtu atatembea, atalipa nauli, atachimba kisima mahali fulani na si pengine. Anayelichora hana budi kujua amesema nini.

Anza na ukubwa wenyewe, maana jicho hudanganyika hapo mapema. Tarehe 5 Mei 2020 Ireland iliongeza kilomita 2 zikawa 5. Masikioni hiyo ni mara mbili na nusu. Ardhini, duara la kwanza lilikuwa na kilomita za mraba kama 12.6, la pili 78.5, yaani mara sita na robo. Programu nyingi za kutafuta chumba cha kupanga au fundi wa karibu humpa mtumiaji kitelezi cha umbali, naye hukisukuma kutoka kilomita 2 hadi 4 akidhani ameongeza mara mbili, kumbe ameita matokeo ya eneo lililo kubwa mara nne. Kando ya kitelezi ningeandika pia idadi ya vyumba au mafundi waliomo, ibadilike kidole kingali kinatembea.

Kosa lisiloonekana Kampala

Skrini haijui mita. Inajua pikseli, na safari yote ya duara ni kutoka kwenye mita za ardhini kuja kwenye pikseli za kioo bila kumdanganya mtu njiani.

Ramani nyingi za simu zimejengwa kwa vigae, vipande vya mraba ambavyo kwa desturi vina pikseli 256 kwa 256. Katika ngazi 0 dunia nzima imekaa ndani ya kigae kimoja. Kila ukikuza ngazi moja, upana wa dunia unakuwa mara mbili. Ukigawa mzingo wa ikweta kwa pikseli 256 unapata kwamba katika ngazi 0 pikseli moja ni kama mita 156,543. Ukifika ngazi ya 15, ambayo mitaa na majina yake huanza kusomeka vizuri, pikseli moja ni kama mita 4.8. Hapo hesabu inamjia mtu yenyewe: nataka kilomita 2, nagawa kwa kipimo hicho, napata nusu kipenyo cha pikseli 419. Anachora. Anatazama. Duara limekaa vizuri.

Ikiwa yuko Kampala, limekaa vizuri kweli.

Tatizo lina umri wa zaidi ya miaka 450. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani ya dunia kwa ajili ya mabaharia. Alitaka nahodha anayeshika uelekeo mmoja wa dira aione njia yake kama mstari ulionyooka, na ili pembe zisipotoke ilimlazimu aivute dunia zaidi na zaidi kila anavyoiacha ikweta kuelekea ncha. Ndiyo maana Greenland huonekana kama inashindana na Afrika. Ramani za simu zimerithi mpango huohuo kwa sababu nzuri: njia panda yenye pembe mraba Oslo itaonekana na pembe mraba, na ile ya Dodoma vilevile, kwa ngazi yoyote ya ukuzaji. Ila bei yake ni kwamba ramani moja haina kipimo kimoja. Mita 4.8 kwa pikseli ni kweli kwenye ikweta tu. Mahali pengine popote kipimo hicho lazima kizidishwe kwa kosaini ya latitudo ya mahali hapo, na kosaini hiyo hupungua kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini.

Tumchukue sasa yule aliyesahau kosaini, tusafiri na duara lake la kilomita 2. Kampala, karibu kabisa na ikweta, duara lake linapungua kwa sentimita 4, hakuna atakayejua. Nairobi linapungua kwa nusu mita. Dar es Salaam, kwenye latitudo ya nyuzi kama 6.8 kusini, limekosa mita 14, upana wa barabara na vibanda vya kando yake, na bado hakuna atakayelalamika. Tukivuka bahari hadi Maskati, duara linaloitwa la mita 2,000 lina mita 1,833. Tukifika Dublin lina mita 1,194. Mkazi wa Dublin mwaka 2020 angeporwa mita 800 za uhuru wake na programu iliyoandikwa na mtu mwema, kwa hesabu ambayo hapa kwetu ilionekana sahihi.

Ndiyo maana nasema watengenezaji wa programu wa Afrika Mashariki wanahitaji tahadhari hii kuliko wenzao wa Ulaya. Mwandishi wa Oslo akikosea hivi, duara lake linatoka nusu ya alilotaka, na analiona siku ya kwanza. Wa Nairobi anajaribu programu yake mtaani kwake, Westlands hadi Kangemi, na kila kitu kinakubali. Kosa linabaki limelala ndani ya kodi hadi programu ichukuliwe na ndugu aliyehamia Toronto au Birmingham, na huko hakuna wa kumweleza kwa nini msikiti ulio kilomita moja na nusu kutoka kwake hauonekani kwenye orodha ya ile ya karibu.

Kosa hili lina pacha wake, kuhesabu kwa nyuzi. Mtu anasikia kwamba nyuzi moja ni kilomita 111, anagawa, anapata kwamba kilomita 2 ni nyuzi 0.018, kisha anaijumlisha latitudo kwa 0.018 na longitudo kwa 0.018 hiyohiyo. Nyuzi za latitudo ni karibu sawa popote, lakini za longitudo husongana kuelekea ncha. Umbo linalotoka Nairobi ni duara. Linalotoka Dublin ni yai lililosimama wima.

Dawa ipo na haihitaji ushujaa: itumie maktaba ya ramani kwa mita, uiache ipige hesabu yenyewe. Leaflet ina maumbo mawili yanayofanana kwa sura, L.circle inayopimwa kwa mita na L.circleMarker inayopimwa kwa pikseli, na wageni wengi huyachanganya. La pikseli lina kazi yake halali. Ukitaka kuonyesha kwamba Mwanza ina watu wengi kuliko Bukoba, duara la pikseli linafaa, kwa kuwa halidai lolote kuhusu ardhi iliyo chini yake. Namna ya kuyatenganisha ni kukuza ramani kwa vidole viwili. Duara likikua pamoja na mitaa, ni la mita. Likibaki na ukubwa uleule huku mitaa ikipanuka chini yake, ni la pikseli, na kama pembeni pameandikwa "kilomita 2", pameandikwa uongo.

Duara linapoacha kuwa duara

Kwa kilomita chache, duara la ardhini huonekana duara kwenye skrini. Kwa maelfu ya kilomita mambo hubadilika, na hata wazoefu huteleza. Mwaka 2003 jarida la The Economist la London lilichapisha ramani ya umbali unaoweza kufikiwa na makombora ya Korea Kaskazini, likiuonyesha kwa maduara safi yaliyochorwa juu ya ramani ya Mercator. Baadaye lilichapisha masahihisho, na kwenye ramani mpya maeneo makubwa ya dunia yaliyokuwa nje yakaingia ndani.

Sababu ni rahisi kuiona ukilishika tufe mkononi. Korea Kaskazini iko kwenye latitudo ya 40 hivi, kwa hiyo ncha ya kaskazini haizidi sana kilomita 5,500 kutoka hapo. Duara lolote lenye nusu kipenyo kirefu kuliko umbali huo limekwisha kuimeza ncha. Mercator haiwezi kuionyesha ncha hata kidogo. Ramani za simu hukatwa kwenye latitudo ya 85 na nukta kadhaa. Basi mzingo wa duara hilo, ukichorwa sawasawa, haujifungi: unaingia upande wa kushoto wa skrini, unapanda na kushuka kama wimbi, unatokea kulia, na rangi inajaa hadi ukingo wa juu. Mtumiaji akiuona atadhani programu imeharibika. Usiurekebishe ili kumridhisha. Mwandikie sentensi moja chini ya ramani kumweleza kwa nini uko hivyo.

Jambo jingine la umbo ni dogo zaidi, nalo ni kwamba mara nyingi duara lako lina pembe. Kanuni ya GeoJSON, ambayo programu nyingi huitumia kuhifadhi na kupeana maumbo ya ramani, iliandikwa rasmi Agosti 2016 kama RFC 7946, na ndani yake mna nukta, mstari na poligoni, lakini hamna duara. Anayetaka duara hulitengeneza kwa poligoni: kutoka kitovuni anakwenda umbali uleule kila upande, anaweka nukta, kisha anaziunganisha. Turf, maktaba inayotumika sana kwa kazi hii, huweka nukta 64 usipoiagiza vingine. Kwa duara la kilomita 5, katikati ya kila ubavu mstari unakuwa umeingia ndani kwa mita 6. Ukibana matumizi ukaweka nukta 16, unaingia mita 96, na nyumba kadhaa zinatupwa nje bila kosa lao. Ukiweka 360, upungufu ni sentimita 19. Simu ya leo haitasikia tofauti ya kuchora nukta 64 na 360 kwa duara moja. Kwa maduara elfu tano itasikia. Muhimu zaidi, ukishaligeuza duara kuwa poligoni, kitovu na nusu kipenyo vimepotea. Vihifadhi kando, kwenye sifa za umbo hilo, maana atakayekuja kuuliza mwaka kesho "hii ilikuwa kilomita ngapi?" hatapata jibu kwa kuzitazama nukta.

Duara la shaka

Duara ambalo watu wengi zaidi huliona ni lile hafifu linalozunguka nukta ya buluu, na ndilo linalosomwa vibaya kuliko yote. Wengi hudhani linasema "uko humu ndani". Halisemi hivyo. Kwenye Android, namba ya usahihi ambayo simu huipa programu ina maana iliyoandikwa wazi: ukichora duara la nusu kipenyo hicho, uwezekano wa kwamba upo ndani yake ni asilimia 68. Maana yake, karibu mara moja katika kila tatu uko nje. Makosa yakiwa yametawanyika kwa utaratibu wa kawaida, ukitaka uhakika wa asilimia 95 unapaswa kuzidisha kwa 1.6 hivi: simu ikisema mita 20, chora 32.

Usahihi wenyewe tumeuzoea tukasahau ulikotoka. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiivuruga makusudi GPS ya raia, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Rais Bill Clinton alipotangaza kwamba uvurugaji huo unazimwa, kosa likashuka hadi mita 20 au pungufu usiku uleule. Lakini setilaiti zinahitaji kuona anga. Chini ya bati, kati ya maghorofa ya Kariakoo au ndani ya basi, simu hukisia kwa Wi-Fi na minara ya mtandao, na duara la shaka linaweza kuwa la mamia ya mita.

Hili linaumiza zaidi palipo na kazi ya kweli. Sera ya Maji ya Taifa ya Tanzania ya mwaka 2002 ililenga kwamba kijijini kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, kwa lita 25 kwa kila mtu kwa siku, na kisiwe zaidi ya mita 400 kutoka kaya ya mbali kabisa. Mtu anatumwa kijijini na simu kusajili vituo. Anasimama kwenye bomba chini ya mwembe, anabonyeza "hifadhi". Simu ilikuwa na shaka ya mita 60, lakini programu imeandika latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta, kana kwamba inajua mahali hapo kwa sentimita 11. Namba ya shaka imetupwa. Ofisini mwingine anachora duara la mita 400 kwa mstari mwembamba kama uzi, na kaya zilizo mita 30 nje ya uzi huo zinaingizwa kwenye hesabu ya wasio na maji, au za ndani zinatolewa. Nalishikilia hili bila kulegeza: programu inayohifadhi mahali bila kuhifadhi shaka yake imeharibu data siku ileile iliyoikusanya. Ni safu moja tu ya ziada kwenye jedwali. Na mzingo wa duara uchorwe mnene au uliofifia kingo pale shaka inapokuwa kubwa, ili anayetazama ajue kwamba mpaka huo hauna ukali anaoudhania.

Mita 400 kwa miguu ya nani

Tubaki na vituo vya maji, maana hapo rangi nayo inaanza kusema. Kwa kawaida ndani ya duara hujazwa rangi inayopitisha mwanga, tuseme yenye uzito wa asilimia 20, ili majina ya mitaa yasomeke chini yake. Maduara mawili yakipandana, sehemu ya pamoja inakuwa na uzito wa asilimia 36. Matatu, karibu 49. Ni kama shela zilizowekwa moja juu ya nyingine. Anayetazama anaona buluu iliyokolea na kusoma "hapa maji ni mengi", kumbe hakuna maji zaidi, kuna mabomba mawili yaliyojengwa jirani, pengine kwa sababu mwenyekiti anaishi hapo. Kama swali ni nani amefikiwa na nani hajafikiwa, maduara yote yaunganishwe kwanza kuwa umbo moja, kisha lipakwe rangi mara moja.

Mimi ningekwenda mbali zaidi, nigeuze picha yote. Chora poligoni la kijiji kizima, toboa ndani yake matundu mahali palipo na maduara, halafu rangi ijae kule kusikofikiwa. Kodi ni ileile, kasoro mpangilio wa nukta: GeoJSON inataka mzingo wa nje uende kinyume cha saa na matundu yaende kufuata saa. Diwani anayefungua ramani ya namna hiyo jicho lake linaangukia moja kwa moja kwa wale wanaodai maji.

Hata hivyo hakuna anayekwenda kuteka maji kwa mstari ulionyooka. Fungua ramani ya Dar es Salaam, weka kitovu Kivukoni, chora duara la kilomita 1. Kigamboni imo, upande wa pili wa mlango wa bandari, inaonekana ya kushikika. Programu ya kuagiza chakula inayotegemea duara hilo itamwahidi mtu wa Kigamboni chipsi za moto kutoka mjini, kisha bodaboda atasimama kwenye foleni ya pantoni, au azunguke kilomita kadhaa hadi Kurasini kupitia Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, na hapo kuna tozo. Mombasa hali ni ileile Likoni: kisiwa kiko machoni, lakini kuvuka kuna ratiba yake. Bonde la Msimbazi nalo mvua zikikolea linaikata Jangwani, na nyumba zinazotazamana zinakuwa mbali kama wilaya mbili.

Daktari John Snow aliliona jambo hili London kabla ya simu na kabla ya umeme. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua mamia ya watu Soho, aliweka vifo kwenye ramani, nyumba kwa nyumba, akishuku pampu ya Broad Street. Kisha, kwenye ramani iliyoingia katika ripoti ya mwaka 1855, akachora mstari unaopita mahali ambapo mtu angetembea umbali sawa kuifikia pampu hiyo au pampu nyingine ya jirani. Alipima kwa kufuata mitaa, kona na vichochoro, kwa kuwa ndoo ilibebwa kwa miguu. Mstari wake ni wa kombokombo, haupendezi hata kidogo, nao una ukweli mwingi kuliko duara lolote ambalo angeweza kulizungusha kwa bikari. Leo seva za kutafuta njia, zikitumia ramani huria ya OpenStreetMap ambayo wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walishiriki kuijaza kupitia mradi wa Ramani Huria kuanzia mwaka 2015, zinaweza kutoa umbo kama la Snow kwa sekunde: mahali pote unapofika kwa dakika 15 kwa miguu. Pale ambapo mtu atatembea, duara libaki la makisio ya haraka, na umbo hilo la kombokombo ndilo lipewe uamuzi.

Kitovu kinachosaliti

Kuna maduara ambayo hayaonekani lakini yanafanya kazi: yale ya kumwamsha mtumiaji akiingia au kutoka mahali fulani. iPhone huiruhusu programu moja kuyalinda 20 kwa wakati mmoja, Android 100, na Android hushauri nusu kipenyo kisipungue mita 100 hadi 150, kwa sababu ya shaka ileile tuliyoizungumza. Duara la mita 30 kuzunguka duka litalia mtu akiwa amelala nyumbani.

Duara la kuficha linataka uangalifu zaidi. Programu za wakimbiaji na waendesha baiskeli huwapa watumiaji eneo la faragha: unachora duara kuzunguka nyumba yako, na sehemu ya njia yako iliyo ndani yake haionyeshwi kwa wengine. Inaonekana ni ulinzi mzuri. Ila mwanamke anayekimbia kila asubuhi hutoka kwa njia tofauti, leo kulia, kesho kushoto, keshokutwa kupitia sokoni, na kila njia inakatwa palepale inapougusa mzingo. Nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinatosha kulipata duara, na yeyote aliyefanya jometri ya sekondari anajua la kufanya: unganisha nukta mbilimbili, kata kila mstari katikati kwa pembe mraba, na pale mikato inapokutana ndipo kilipo kitovu. Kitovu ni nyumba yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kwamba hilo linafanyika kwa njia halisi za watumiaji halisi, na kwa sehemu kubwa yao. Duara lililowekwa kumficha ndilo linalomtangaza.

Kwa hiyo programu inayofanya kazi hii isiweke kitovu nyumbani. Ikisogeze kwa umbali na uelekeo wa kubahatisha, ihakikishe tu kwamba nyumba imebaki ndani ya duara na haiko karibu na mzingo. Na ikisogeze mara moja, siku mtumiaji anapolichora, ikihifadhi kwenye seva, na kisibadilike hata akiifuta programu na kuiweka upya. Maana kikibahatishwa upya kila siku, atakayekusanya vitovu vya miezi mitatu na kutafuta wastani wake atarudishwa taratibu kwenye mlango uleule.